Wake wa KwaNdlelende

Siku ya tatu ya ndoa yake, Zibuyile Shabangu alichungulia mlangoni akasema, "Jua limetoka," na jikoni pote pakawa kimya.

Hakusema uongo. Jua lilikuwa limetoka, tena kali. Lakini baba mkwe wake aliitwa Langalakhe, na katika lugha yao jua limo ndani ya jina hilo zima zima, kama kokwa ndani ya tunda. Mwanamke aliyeolewa katika boma lile haruhusiwi kulitia mdomoni jina la mkwe, wala kipande chake. Wake wa pale husema kimulika. Kimulika kimetoka, kimulika kimezama, anika nguo kimulika kisije kikatukimbia. Zibuyile alikuwa ametoka mpakani na Waswazi, ambako hata matamshi ya salamu yanawachekesha watu wa huku Msinga, naye alipokosolewa akadhani mama mkwe wake anamtania.

"Hapa hatutaniani na majina ya wenye boma," mama mkwe, MaNtuli, alimwambia huku akikoroga uji bila kumtazama. "Huko kwenu mlikuwa mnabwabwaja mnavyotaka. Hapa utafundishwa."

Akafundishwa. Babu wa boma, aliyekwisha fariki, aliitwa Ndlelende, yaani njia ndefu, na kijiji kikapewa jina lake. Basi njia haitajwi, inaitwa mkanyago. Mdogo wake babu aliitwa Mbazo, yaani shoka. Basi shoka likawa kipasuo. Si kwamba kwao Zibuyile wake hawaheshimu majina. Wanaheshimu, ila majina ya kwao ni mengine, na maneno yanayokwepwa ni mengine. Neno alilofundishwa na mama yake kulikwepa, huku lilikuwa halali. Na la halali kule, huku lilikuwa tusi. Kila alipofungua mdomo alikuwa kama mtu anayepita gizani kwenye chumba chenye mtoto mchanga aliyelazwa sakafuni. Kwa hiyo akawa msichana mkimya, yeye ambaye kwao walimwita redio.

Mara ya pili alipoteleza, akasema "shoka" mbele ya wageni, MaNtuli alimfungia nguo zake akamrudisha kwao. Alikaa huko wiki tatu, akionwa na majirani, mpaka baba yake alipokwenda kumwombea radhi. Ya tatu, MaNtuli alisema, haitakuwa na kurudi. Mumewe, Mfanafuthi, alikuwa mgodini Rustenburg, akipiga simu kila Jumapili na kucheka. "Vumilia, mke wangu, utazoea." Kwake ilikuwa rahisi. Aliyezaliwa ndani ya boma anasema jua, njia na shoka mpaka koo limkauke, hakuna anayemuuliza.

Kilichomtisha Zibuyile hakikuwa kurudishwa kwao peke yake. Jioni moja jikoni MaNtuli alikuwa amemweleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kuchagua maharage, kwa nini jina halitajwi. "Jina la mwenye boma likitoka kwenye kinywa cha mke, waliolala makaburini wanalisikia. Wanadhani ameitwa aende kwao. Basi wanaamka kumpokea." Zibuyile alikuwa mtu wa kanisa, alijiambia hayo ni maneno ya wazee. Hata hivyo usiku ule alilala akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja, asije akaota kwa sauti.

Na mkwe mwenyewe naye ana sheria zake. Mke wa mtoto hamtazami usoni. Hapiti upande wake wa nyumba, wa kulia. Hasimami mbele yake kichwa wazi wala mabega wazi, na wala hamkaribii akamgusa. Kwa miezi minne Zibuyile alikuwa akimjua mzee Langalakhe kwa kikohozi chake, kwa miguu yake, na kwa sahani alizozikuta zimelambwa safi.

Alhamisi moja mambo yote hayo yalimwangukia kwa mkupuo.

Ilikuwa siku ya josho. Wanaume wote wa KwaNdlelende walikuwa wameswaga ng'ombe kwenda ng'ambo ya kilima tangu alfajiri. Watoto walikuwa shuleni. MaNtuli alikuwa amevaa blauzi yake nyekundu na kofia nyeupe ya kanisa akaenda kwenye maombi ya wamama ya kila Alhamisi, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mzee alibaki kwa sababu ya goti lake bovu, akichonga nguzo za kuzibia zizi. Zibuyile alikuwa akifua nyuma ya nyumba, akiusikia mlio wa shoka bila kuusikiliza. Kisha mlio ukakatika, na badala yake akasikia mguno, kama wa mtu anayenyanyua gunia zito.

Alizunguka nyumba na mikono imejaa povu. Mzee alikuwa amekaa chini kando ya zizi, mguu mmoja umenyooka. Shoka lilikuwa limegonga fundo la mti likaruka, likamwingia pajani juu kidogo ya goti. Damu haikuwa inatiririka. Ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka.

Zibuyile alisimama hatua kumi kutoka kwake. Hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, ilivyofundishwa, na macho yakashuka yenyewe chini.

"Baba!"

"Mwite mama yako," mzee alisema. Alikuwa amegeuzia uso upande wa pili, maana naye alikuwa na adabu zake kwa mke wa mwanawe.

"Hayupo, Baba. Yuko kwenye maombi."

"Waite watoto."

"Wako shule."

"Basi niletee kitambaa, uniwekee hapo mbali. Nitajifunga mwenyewe."

Alijaribu kuinama, akashindwa, mkono ukateleza kwenye damu yake. Hapo Zibuyile aliziona zile hatua kumi kuwa upuuzi. Alikimbia, akapiga magoti, akajifungua kilemba kichwani mwake. Aliona aibu, niseme ukweli, tena aibu kali. Damu ya mtu inamwagika na yeye anaona aibu ya nywele zake. Alikizungusha kilemba juu ya jeraha, akakaza, akatia kijiti akakisokota kama alivyofundishwa darasa la saba na mwalimu wa huduma ya kwanza. Mzee alifumba macho muda wote, na Zibuyile hakujua kama ni maumivu au ni heshima.

"MaBhengu!" alipiga kelele kuelekea boma la jirani. "MaBheeengu!"

MaBhengu alikuwa mjane wa mdogo wake mzee, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika. Alikuja mbio, akaona, akajifunika uso kwa shuka lake. "Yesu wangu! Na umemgusa?"

"Shika hapa, Mama. Kaza. Mimi napiga simu."

"Mimi? Nimshike shemeji yangu paja?"

"Mama, atakufa!"

MaBhengu alishika, kichwa kimegeukia zizini, akiomba kwa sauti. Zibuyile alichomoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kwenye sidiria. KwaNdlelende mtandao unapatikana mahali pamoja tu: juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi, hatua thelathini hivi. Ukishuka umepoteza. Alipanda, akapiga namba ya dharura, ambayo haihitaji salio, na chaji ilikuwa imebaki kijiti kimoja kwenye kioo.

"Huduma ya dharura, tukusaidie nini?" Sauti ya kijana, ya mjini, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka.

"Baba mkwe wangu anavuja damu. Amejikata paja na kipasuo."

"Na nini?"

"Kipasuo."

"Dada, kipasuo ni kitu gani? Kimelipuka?"

"Hakijalipuka! Kile cha kukatia miti. Kina mpini."

"Shoka?"

"Hicho hicho."

"Sasa si useme shoka? Haya, uko wapi?"

Swali hilo lilikuwa jepesi kwa kila mtu duniani isipokuwa Zibuyile.

"Msinga."

"Msinga ni kubwa, dada. Sehemu gani?"

"Ukivuka daraja jipya, unaacha mkanyago wa lami, unashika mkanyago wa vumbi wa kushoto..."

"Unashika nini?"

"Pale linapopita gari."

"Nahitaji jina la mahali. Nisipoandika jina, mashine hainiruhusu kutuma gari. Panaitwaje?"

"KwaMkanyago."

Alisikia vidole vikigonga. "Hakuna."

"Ndivyo tunavyopaita."

"Akina nani mnaopaita hivyo?"

"Sisi wake."

Kijana akavuta pumzi ndefu. "Aaa. Mnaheshimu majina. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anaita nyama kitafunwa, hatukumwelewa mpaka tunamzika. Sasa dada, nipe mwanamume yeyote hapo alitamke."

"Hakuna mwanamume. Yuko mmoja tu, naye ndiye anayevuja damu."

"Mpelekee simu."

"Simu inashika hapa kwenye jiwe tu. Yeye yuko chini."

"Apige kelele nimsikie."

Zibuyile alitazama chini. Kichwa cha mzee kilikuwa kimeegemea nguzo ya zizi, midomo imepauka. "Hana sauti tena."

"Shule iliyo karibu inaitwaje?"

Jina hilo hilo. Duka je? Hilo hilo. Banda la chanjo? Hilo hilo. Kila kilichojengwa pale kilibandikwa jina la babu yule, kana kwamba marehemu alikuwa na njaa ya kutajwa. Zibuyile alikuwa tayari kulia kwa hasira. Hasira kwa mtu aliyekufa miaka mingi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, na hasira kwa kijana wa kiti cha kuzunguka, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza tu.

"Sikiliza," kijana alisema. "Ninayo orodha ya Msinga. Nitasoma, ukisikia penu sema ndiyo. Hutakuwa umetaja wewe, nitakuwa nimetaja mimi. Sawa?"

"Sawa! Ubarikiwe, kaka. Soma upesi."

Zibuyile alishukuru kwa moyo wote. Kumbe palikuwa na upenyo. Kijana akaanza kusoma, na orodha yake haikufuata mpangilio wowote unaojulikana kwa binadamu.

"KwaGuqa."

"Si hapo."

"Esihosheni. Mathaneni. KwaDolo."

"Si hapo, si hapo."

"KwaDolo ya juu. KwaDolo ya chini. Mbangweni..."

"Kaka, yako mangapi?"

"Mia mbili na kitu. Nkonjeni. Ezibayeni..."

Simu ililia kilio cha chaji. Na kutoka chini MaBhengu akapaza sauti: "MaShabangu! Inapita kwenye kitambaa! Mikono yangu yote inateleza!"

"Kaza, Mama!"

"Nakaza! Anakuwa baridi!"

"...Mahlokohlokweni. Ekudubekeni," kijana aliendelea, kwa bidii, akijitahidi kweli.

Zibuyile alitazama damu pale chini, iliyokuwa imefanya njia yake kwenye vumbi kuelekea mlango wa zizi. Alijua majina mia mbili hayatasomwa yakaisha. Alijua pia alichoambiwa jikoni. Mtu huyu alikuwa nusu ya mguu mlangoni mwa waliolala, na Zibuyile ndiye angemwita kwa jina, la kwake na la baba yake, mbele yao, kwa sauti, kutoka juu ya jiwe. Kama ni uongo, ataokoa mtu. Kama ni kweli, atamuua kwa mdomo wake.

MaBhengu alimwona usoni. "Usithubutu!" alimkemea. "Mwache asome! Mtu anakata roho na wewe unataka kumwita? Utawaamsha!"

Simu ikalia tena.

"KwaNdlelende," alisema Zibuyile.

Zibuyile akasema tena, na sasa alikuwa anapiga ukelele, maana kama ni kuharibu bora aharibu jambo lieleweke. "KwaNdlelende! Vuka daraja, shika njia ya vumbi kushoto, pita shule ya Ndlelende, pita duka la Ndlelende! Boma la Langalakhe, mwana wa Ndlelende! Langalakhe! Amejikata na shoka! Njooni!"

"Nimeipata, dada, naiona ha..."

Simu ikazima.

Alisimama juu ya jiwe na kile kitochi kilichokufa, asijue kama gari linakuja au haliji. Alikuwa amezivunja sheria zote za boma kwa pumzi moja. Akangoja kitu kitokee. Kuku alipita na vifaranga vyake.

"Umemwita," alisema MaBhengu, akilia sasa waziwazi. "Mbele ya zizi la baba yake, wanapokaa waliolala. Umemwita mara mbili."

Zibuyile aliteremka. Alipofika, mzee alikuwa amefumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale yakakutana na yake. Yalikuwa ya kahawia, yamechoka, na yalikuwa yamekasirika.

"Nani ananiita?"

"Mimi, Baba."

"Wewe nani?"

"Mke wa Mfanafuthi."

"Una adabu gani wewe?"

"Sina, Baba."

Mzee alitaka kusema jambo jingine, macho yakajifumba. Zibuyile alikaza kijiti tena, akabadilishana na MaBhengu, akampangusa jasho. "Baba," alimwita. Hakuna. "Baba Mfanafuthi. Baba mkwe." Hakuna. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo mno. Alimtazama MaBhengu, na MaBhengu akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana.

"Langalakhe!"

Macho yakafunguka. "Tena?"

"Tena, Baba. Gari linakuja. Usilale."

Ikawa hivyo kwa muda ambao Zibuyile hakuwa na saa ya kuupima. Mzee anazama, Zibuyile anamwita, mzee anarudi amechukia. Alikuwa anaamshwa na ile dharau yenyewe. Maisha yake yote hakuna mwanamke aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa mama yake. Lakini moyo wa Zibuyile haukutulia hata kidogo. Kila alipolitaja jina alijiona kama anamvuta kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine, na kila mara kope zilichelewa zaidi kufunguka. Huenda walikuwa wamekwisha amka. Huenda walikuwa wamesimama pale pale nyuma ya nguzo, wakisikia anavyowaitia mgeni wao. MaBhengu aliacha kukataza. Alibaki anaguna tu kila jina linapotajwa, kama mtu anayechomwa sindano.

Gari la wagonjwa lilipanda kilima likitimua vumbi. Zibuyile aliposikia injini alitokwa na sauti ambayo hakujua anayo. Mhudumu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyeruka na mkoba wake kabla gari halijasimama vizuri.

"Mna nini huku?" aliuliza huku akipiga magoti. "Tumewauliza wamama watano KwaNdlelende ni wapi. Kila mmoja amejiziba mdomo akatuonyesha kwa kidevu. Tumepotea mara mbili. Nani amefunga hapa?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri. Presha iko chini sana. Babu! Babu, unanisikia?"

Mzee hakumsikia.

"Langalakhe!" Zibuyile aliita. Kope zikatikisika.

"Hivyo hivyo," mhudumu alisema, akitafuta mshipa. "Endelea hivyo hivyo. Anaitika sauti yako."

Walikuwa wamemwingiza ndani ya gari, dripu inaning'inia, na Zibuyile amesimama kwenye ngazi ya nyuma akiita jina kwa mara isiyohesabika, alipogeuka akamwona MaNtuli. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uzio, blauzi nyekundu imelowa jasho, kofia ya kanisa mkononi. Akiwa karibu kufika nyumbani, mtu alikuwa amemwambia ameona gari la wagonjwa likipanda kwake, naye alikuwa amekimbia kilima kizima na miaka yake sitini na minne. Alikuwa amesikia. Ilionekana usoni kwamba alikuwa amesikia, na si mara moja.

Zibuyile, kichwa wazi, damu mpaka viwikoni, aliinamisha macho. "Mama," alisema.

"Mke wake?" mhudumu aliuliza. "Panda. Mtu mmoja tu. Ni dakika arobaini mpaka hospitali na mimi mikono yangu ina kazi. Wewe kazi yako ni kumwita asilale. Haya, mama, panda!"

MaNtuli alipanda. Alipiga magoti kando ya machela, akaushika mkono wa mumewe.

"Baba Mfanafuthi," aliita kwa upole. "Baba Mfanafuthi, ni mimi."

Uso wa mzee haukubadilika. Mhudumu aliweka vidole shingoni kwake na uso wa mhudumu ndio uliobadilika.

"Jina, mama. Huyu binti alikuwa anamwita jina."

MaNtuli aligeuka akamtazama mke wa mwanawe. Zibuyile alikuwa amejiandaa kwa ukali, hakuuona. Aliona woga mtupu, woga wa msichana wa siku ya tatu jikoni. "Panda wewe," MaNtuli alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umekwisha lizoea. Mimi nitakaa hapa nimwombe Mungu."

Zibuyile alitia mguu ngazini. Halafu akaurudisha chini. Hakujua ujasiri ule ulitoka wapi, labda siku ile ulikuwa umebaki kidogo.

"Mama, mimi ananijua miezi minne. Ananisikia kwa sababu nimemtukana. Hasira itamwisha. Wewe akikusikia..."

"Amueni!" dereva alifoka.

MaNtuli aliugeukia uso wa mumewe. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja. Alikuwa amemzalia watoto sita, akazika naye wawili, akamwita Baba wa huyu na Baba wa yule, akamwita wewe, akamwita sikiliza, akamwita kwa kukohoa. Midomo yake ilifunguka ikafungika.

"Langalakhe," alisema MaNtuli.

Lilitoka kombo, limekwaruza, kama la mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Akalirudia, na safari hii likanyooka. "Langalakhe."

Mzee alifumbua macho. Aliangalia kofia, blauzi, uso. Akamtambua. Kwa muda alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na asiyeamini aliyempiga.

"Na wewe?" alisema.

"Na mimi," MaNtuli alijibu. "Usilale."

Mlango ukafungwa. Gari liligeuza pale uwanjani likaanza kuteremka, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi kidogo, kwa hiyo walisikia. Wake waliokuwa wametoka mabomani kuangalia kuna nini walisikia pia, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu mpaka chini ya kilima. Zibuyile aliwaona kwa mbali wakijishika midomo gari linapowapita. Hakuna aliyecheka. MaBhengu alikaa chini kwenye vumbi akanyoosha miguu.

"Yule ndiye aliyenifundisha mimi," alisema. "Nilipoolewa. Alinipiga na mwiko kwa sababu ya jina hilo."

Zibuyile aliingia ndani akakusanya nguo zake, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko mlangoni, tayari. Ikiwa mzee amekufa, hakutakuwa na haja ya mtu kumwambia aondoke. Kisha akatoka, akakaa kwenye jiwe la mtandao na simu ya MaBhengu iliyoletwa kutoka bomani kwake, akaishika kwa mikono miwili, akingoja. Wanaume walirudi joshoni na ng'ombe wanaonuka dawa, wakaiona damu, wakaambiwa, wakasimama mbali naye. Watoto walirudi shuleni. Hakuna aliyemsogelea.

Simu iliita wakati ng'ombe wamekwisha ingia zizini.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya MaNtuli, lakini imekauka, imebaki nusu.

"Ni mimi, Mama. Zibuyile."

"Yuko hai. Wamemshona, wamemwongeza damu chupa tatu. Ameomba chai, wamemnyima, sasa anawagombeza."

Zibuyile alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wanaume, bila kilemba. MaNtuli alimwacha amalize.

"Hakulala, Mama?"

"Angelala saa ngapi?" alisema MaNtuli. "Nimemwita njia nzima."

Zibuyile alilisikia neno lile, njia, si mkanyago. Alingoja mama mkwe ajisahihishe, kama ambavyo angefanya yeye. MaNtuli aliuliza kama kuku wamefungiwa, akasema Zibuyile aje kesho asubuhi na nguo safi za mzee, na akate tikiti mbili za basi za kurudi bomani, yake na ya mama mkwe wake.